Gari Lisilozimwa

Gari liliwaka kabla Fundi Cheche hajazungusha ufunguo. Alikuwa ameuchomeka tu kwenye tundu lake, mkono bado haujakaa sawa, mara injini ikaanza kunguruma chini ya boneti, taratibu, laini, kama paka aliyeshiba. Akacheka peke yake. "Makubwa! Hata salamu hatujapeana," akaliambia gari, kisha akajipa jibu ambalo mafundi umeme wa magari hujipa wakikutana na wasilolielewa: kuna waya zimegusana.

Akazikagua zote. Hakukuwa na waya iliyogusa nyingine.

Angekuwa na akili zake timamu siku ile, angeing'oa ile kompyuta ya injini aliyotoka kuifunga pale pale na kuirudisha ilikotoka. Lakini nani ana akili timamu akiwa na mgonjwa nyumbani? Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na shemeji figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Aliishi kwa mashine ya hospitali. Wanamlaza, wanamchoma sindano mkononi, damu inapita mashineni inasafishwa, inarudi mwilini, naye anarudi nyumbani. Akikosa zamu yake anavimba miguu na pumzi inakuwa ya kuomba. Hospitali ilikuwa mbali. Bila gari dada angebaki mjane, na hilo kila mtu pale nyumbani alilijua bila kuambiwa.

Na huyo shemeji si mtu wa kumpoteza hivi hivi. Alikuwa kinyozi, na mdomo wa kinyozi haujui likizo. Gari lake aliliita bi mdogo. Dada akimsikia anamjibu kutoka jikoni, "Basi leo huyo bi mdogo ndiye akupikie!" Madaktari walikuwa wamemuungia mshipa kwenye mkono wa kushoto ili sindano zipate pa kuingia, na ukiweka kidole hapo unahisi mvumo, damu inatetemeka chini ya ngozi. Kila Cheche akija kusalimia lazima ashikishwe.

"Shika, shemeji, shika. Unasikia? Na mimi ni gari. Nimebakiza matairi tu."

"Wewe gari bovu," Cheche humjibu. "Nani atakununua?"

Sasa, kiangazi kile bi mdogo alianza kuzimika njiani. Kwanza alisita tu, injini inakatika kidogo na kurudi, kama mtu aliyepaliwa na mate. Baadaye akawa anazima kabisa, hadi siku moja akamzimikia dada katikati ya daraja, mgonjwa amekaa pembeni midomo imeanza kuwa ya majivu. Watu wakalisukuma. Walifika hospitali wamechelewa, na usiku ule Cheche hakulala.

Asubuhi akafungua chini ya dashibodi, upande wa abiria, akaitoa kompyuta ya injini, lile sanduku la bati ambalo wenyewe huliita ubongo wa gari. Alipolifunua akaguna. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani, imetambaa juu ya njia za umeme mpaka imezila. Akapapasa juu akakuta sababu: mpira wa kona ya kioo cha mbele umechoka, una ufa, na maji ya mvua zilizopita yalikuwa yakidondokea ubongoni moja kwa moja.

"Huo ufa nitauziba," akamwambia dada. "Kwanza tupate ubongo mwingine, gari itembee. Mvua zenyewe ziko wapi?"

Kweli mbingu zilikuwa kavu. Na ule msemo wa ufa na ukuta yeye pia aliujua, tangu utotoni.

Kompyuta mpya ilikuwa haishikiki kwa bei. Akaenda kwa Skrepa, jamaa anayekata magari mabovu na kuuza vipande vyake, akapata ya gari la aina ile ile, safi, kavu, pamoja na ufunguo wake. Ufunguo ulikuwa lazima. Magari ya siku hizi hayamkubali mtu bila kumtambua. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kidude cha kioo, kidogo kama punje ya mchele, na kompyuta haikubali kuwasha injini mpaka ihisi kidude chake kiko karibu. Fundi mwenye subira huhamisha kumbukumbu kutoka ubongo wa zamani kwenda mpya ili funguo za nyumbani zitambulike. Lakini ubongo wa zamani ulikuwa umeoza, na Cheche alikuwa na haraka, kwa hiyo alifanya kama mafundi wengi wanavyofanya. Akapasua ule ufunguo uliotoka kwa Skrepa, wa mtu asiyemjua, akatoa punje, akaizungushia tepu nyeusi na kuificha nyuma ya usukani, jirani na swichi, ikae humo siku zote. Gari, popote litakapokuwa, lingedhani mwenyewe amekaa ndani.

Ndipo likawaka bila kuzungushwa ufunguo. Na ndani yake mlinukia udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Cheche akafungua vioo, akampelekea dada gari lake.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha, na hilo ndilo linalouma. Shemeji alipoingia garini tu alinyoosha mgongo. Uso ukapata rangi. Akapiga hadithi njia nzima, akamwambia dada, "Bi mdogo kanikanda mwili mzima." Akaanza kwenda kukaa garini hata siku zisizo za hospitali, jioni, injini inanguruma uani, redio imezimwa, yeye anatabasamu. Dada akampigia Cheche simu kumshukuru, mpaka akalia.

Simu iliyofuata haikuwa ya shukrani. Ilikuwa mchana, naye alinong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala karibu.

"Mdogo wangu, njoo. Usiniulize."

Akamkuta amesimama kwenye mlango wa nyumba, khanga ameing'ata. Gari lilikuwa uani linanguruma, shemeji yumo.

"Nikizima gari anapoa," dada akasema.

"Anapoa vipi?"

"Anapoa, Cheche! Kama chai! Mwanzo nilidhani ni uchovu. Akishuka anakuwa mzito, mikono baridi. Akilala nakaa namsikiliza. Halafu nikiwasha tu, huko uani, yeye yuko kitandani, anaamka! Jana tulifika hospitali, nikazima, nikamshika mkono tuingie ndani. Alianguka pale mlangoni. Yule muuguzi akamshika kifundo cha mkono akatafuta mapigo, akabadilisha mkono, akatafuta tena, akaniangalia. Nikakimbia kuwasha gari."

"Ikawaje?"

"Akakaa. Akamtania muuguzi kwamba ana mikono ya baridi. Muuguzi hakucheka. Nimemrudisha, na tangu jana sijazima."

Cheche alitaka kusema ni bahati mbaya tu, ni presha, ni dawa. Akaenda mpaka dirishani kwa shemeji, akamsalimia, akaitikiwa vizuri tu, kisha akazunguka upande wa dereva na kukandamiza pedeli ya mafuta kidogo kwa mkono, kama anavyofanya akipima injini. Injini ikapanda, na kifua cha shemeji kikapanda nayo. Akaachia, injini ikashuka, na kifua kikashuka. Akarudia, akiomba moyoni visiende pamoja, vikaenda pamoja.

"Unanipa pumzi nyingi, shemeji," mgonjwa akasema taratibu. "Punguza."

Hapo hofu ikamwingia Cheche kweli kweli, na kwa kuwa mtu aliyezoea kazi ya mikono hukimbilia mikono yake, akachukua bisibisi, akapiga magoti, akafungua kifuniko cha chini ya usukani ili aitoe ile punje ya mtu asiyemjua na kuitupa mbali. Tepu ilikuwepo. Ilikuwa pale pale alipoificha, imezungushwa kwa mkono wake mwenyewe, haijafunguliwa wala kukatwa, ncha imebanwa kama alivyoibana, na alipoiminya ikaingia ndani yote, tupu, yenye joto kama kitu kilichotoka kinywani. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani.

"Shemeji," Cheche akauliza, "mkono wako unauma?"

"Hauumi. Unawasha tu, hapa." Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, wa mshipa, uliokuwa ukimfurahisha zamani.

Cheche akaweka kidole. Mvumo ulikuwepo, ila haukuwa tena mvumo wa damu unaopiga na kupumzika. Ulikuwa mmoja, mrefu, usio na pumziko, ndio huo huo wa injini, kiasi kwamba hakujua kama anausikia kwa kidole au kwa sikio, na pembeni ya mshipa, chini ya ngozi, kidole kikakuta punje ngumu, ndogo kama ya mchele. Alipoibonyeza ikateleza. Ikapanda mkononi, ikavuka kiwiko, polepole, bila haraka yoyote, mbele ya macho ya dada, ikaingia kwapani ikapotea.

Dada akakaa chini pale pale vumbini.

Cheche alikwenda kwa Skrepa mbio. Akamkuta anakata mlango wa gari, akamshika shati.

"Lile gari ulilonitolea kompyuta. Mwenyewe yuko wapi?"

Skrepa akazima mashine yake ya kukatia. Akatazama huku na huku, ingawa walikuwa peke yao na vyuma.

"Mwenyewe alikufa."

"Alikufaje?"

"Punguza sauti, ndugu yangu. Mimi niliitwa na ndugu zake, nikaambiwa nikalivute. Nikalikuta chini ya kibanda, linanguruma, mzee mmoja amekaa ndani, nguo zimemwozea mwilini, kucha ndefu. Ndugu wenyewe wamesimama mbali, hawasogei. Nikajua mzee kavurugikiwa, wanataka ashuke, wanaogopa lawama. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia, baba, shuka tulichukue. Akaniambia, usizime."

"Halafu?"

"Nikadhani kichaa! Wewe ungedhani nini? Nikaingiza mkono, nikazima." Skrepa akajifuta uso kwa kiganja chenye grisi. "Yule mtu hakufa pale, Cheche. Yule alikuwa amekufa zamani. Nilipozima ndiyo ikaonekana."

"Na ukaniuzia!"

"Nilikuuzia bati na waya! Ningejuaje kama kitu kama hicho kinakaa kwenye kompyuta?"

Jioni ile wakaleta mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, anayesifika kwa kutoa majini sugu na kwa ukali kwa wanaomchelewesha. Alikuja akilalamikia jua. Alipofika getini akanyamaza. Jua lilikuwa linazama, uani mna mwanga wa rangi ya chai, na taa za ndani ya gari ziliwaka zenyewe alipokaribia, akaonekana shemeji amekaa wima, macho mbele, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mganga alivuta hewa puani, akavua viatu, akachoma vitu vyake kwenye kigae, akazunguka gari akisoma, na kila akipita mbele ya boneti injini ilishusha sauti, ikawa inanguruma chini chini kama mnyama anayetazama mkono wa mtu, mpaka alipoinama dirishani na kuuliza kwa upole, "Wewe ni nani?"

Mdomo wa shemeji ukafunguka. Kilichosema hakikuwa yeye. Kilisema kutoka kwenye boneti na kutoka kooni kwa pamoja.

"Mlinzi."

"Umetumwa na nani?"

"Mwenye ufunguo. Alinifunga humu, gari lisiachane na mwenyewe."

"Aliyekufunga alishakufa. Huyu si yeye. Mwachie."

Injini ikanguruma. Kisha, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Ufunguo uko humu. Mwenyewe huyu."

Cheche akajitosa. Alisema yeye ndiye aliyeuweka, ni kosa lake, aingie yeye, amchukue yeye, alisema hayo yote huku ameshika mlango kwa mikono miwili. Hakujibiwa. Ni kama hakuwepo, na kwa kitu kile hakuwepo kweli, maana hakuwa na ufunguo.

Mganga alirudi nyuma. Akavaa viatu vyake, akawaita Cheche na dada yake mpaka getini, akawaambia kwa sauti ndogo.

"Watu hufunga majini kwenye mali zao wasiibiwe. Mwenye lile gari alitaka lisipotee, akafungiwa mlinzi mjinga, asiyejua ila jambo moja. Jini hilo halina chuki na nyinyi. Lingekuwa na chuki ningezungumza nalo."

"Si ulitoe tu, mama?" dada akasema. "Tafadhali. Chochote unachotaka."

"Mimi natoa majini, mwanangu. Huyu kashika pumzi ya mumeo mkononi. Nikimtoa, atatoka na alichoshika." Akamgusa shavu. "Mradi injini inanguruma, mnaye. Msizime."

Akaondoka bila kupokea hata nauli. Cheche alimtazama mpaka akapotea kona ya mtaa, na hilo la nauli likamtisha kuliko maneno yote.

Basi wakaishi hivyo, kama huko kunaitwa kuishi. Cheche alihamia kwa dada yake. Kila asubuhi alibeba dumu la petroli, akalimimina tangini polepole, injini ikinguruma, jambo ambalo fundi yeyote humgombeza mteja akilifanya. Akaongeza maji, akaongeza oili, akaunga eksozi kwa bomba refu ili moshi uvuke ukuta. Majirani wakalalamika, kisha wakaacha kulalamika, kisha wakaanza kupitia njia nyingine. Shemeji hakwenda tena hospitali, hakula wala hakulala, lakini utani ulibaki, na dada alimletea kiti jioni akakaa dirishani akimchana nywele. "Bi mdogo kanishinda," alisema siku moja, na wote watatu wakacheka, wakacheka mpaka ikawa si kicheko.

Halafu mvua zikaja.

Zilikuja mchana, ghafla, kubwa, na Cheche alikuwa ameenda kununua petroli. Alisimama chini ya paa la kituo na dumu mkononi, akiwaza mengine kabisa, ndipo akaikumbuka kona ya kioo cha mbele. Akaacha dumu. Alikimbia katikati ya mvua akiongea peke yake, anavuka barabara bila kutazama, anaomba, anajitukana, na alipofika uani alivua shati lake na kulikandamiza kwenye ule ufa, kisha akaleta turubai, akaleta gundi, akaziba, akaziba juu ya alipoziba. Alipopapasa chini ya dashibodi, upande wa abiria, miguuni pa shemeji, sanduku la bati lilikuwa limelowa.

Alilipangusa kwa kitambaa. Kwa nje ilikuwa kazi rahisi.

Kwa siku kadhaa hakikutokea kitu, akaanza kujidanganya. Kisha jioni moja, mbingu zimetakata, dada amekaa kwenye kiti chake dirishani na shemeji anasimulia habari za mteja wake wa zamani aliyetaka anyolewe upande mmoja tu kwa kuwa upande wa pili alimwachia mkewe amnyoe, injini ikasita. Ilikatika kidogo na kurudi, kama mtu aliyepaliwa na mate.

"... nikamwambia, bwana mkubwa, kichwa hakina nu—"

Shemeji akabaki mdomo wazi, macho kama ya kioo.

"—nusu, kichwa ni kimoja!" akamalizia, na hakujua kwamba alikatika.

Dada alijua. Akageuka kumtazama mdogo wake.

"Ni nini hiyo?"

"Mafuta machafu," Cheche akasema.

"Si ule ubongo? Si ndivyo ulivyoanza ule wa kwanza?" Alikuwa anamnong'oneza, vidole vyake vimemshika mkono vikali. "Wewe si unajua kubadilisha? Si ulibadilisha siku moja tu ikaisha? Badilisha tena, mdogo wangu. Weka mwingine."

Anajua kubadilisha. Ndiyo kazi yake. Angeweza kuifanya macho yamefungwa: unafungua kifuniko, unachomoa soketi, unachomeka nyingine. Na jambo la kwanza kabisa, alilofundishwa kabla ya kuruhusiwa kugusa bisibisi, na ambalo amewafundisha wengine, ni kwamba kabla hujaugusa ubongo wa gari unazima injini.

"Nitabadilisha, dada," akasema.

"Lini?"

Shemeji alikuwa ameanza hadithi nyingine, anapunga ule mkono wa kushoto, amefurahi kuwa na wasikilizaji. Cheche akapeleka mkono wake ndani ya dirisha, akauweka juu ya dashibodi, pale ambapo mtetemo husikika vizuri, akasikiliza. Injini ikasita tena. Safari hii ilichelewa kurudi.